Sungura Msoma Meno

Mwaka wa tatu bila mvua, adabu ilianza kupungua katika bonde la Nyamsere sambamba na maji. Mto ulibaki jina tu. Juu kulikuwa na mchanga mweupe wa kuunguza kwato, na maji yenyewe yalijificha chini yake. Yalipatikana mahali pamoja, kwenye kisima cha mchangani chini ya ukingo wa mashariki, ambako kivuli kilichelewa kuondoka asubuhi.

Sheria ya kisima ilikuwa fupi: wazee kwanza. Walikunywa Mzee Ndovu, Mzee Nyati na Bibi Ngiri, kisha wenye watoto, kisha waliobaki, mkubwa akimtangulia mdogo. Simba, aliyeitoa sheria hiyo, alikunywa pamoja na wazee, lakini kila asubuhi alitangaza kwamba yeye si mzee, anawasindikiza tu.

Sungura alikunywa baada ya digidigi na kabla ya panya. Zamu yake ilipofika, kisimani palikuwa na tope na manyoya ya wenzake. Alilichuja tope kwa meno huku akiwatazama wazee wakiondoka, midomo yao ikidondosha maji safi, na akawaza yale ambayo yeyote mwenye kiu angeyawaza. Tusimlaumu haraka. Ubaya wake haukuzidi kiu yake.

"Wale watatu," alijiambia, "wameshakunywa miaka yao yote. Sasa wanakunywa na ya kwangu."

Nguvu za kuwasukuma hakuwa nazo, na sheria hakuweza kuibadili. Njia aliyoiona ni moja: kuwafanya wazee wenyewe waone haya kunywa.

Kesho yake alimfuata Nyati, ambaye alikuwa akililalamikia goti lake kama kila siku.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Goti, mwanangu. Goti hili litaniua."

"Lini?"

Nyati akaacha kutafuna. "Lini nini?"

"Litakuua lini? Samahani, siulizi kwa ubaya. Nilipokuwa ng'ambo ya milima nilifundishwa kusoma meno. Siku zilizobaki zimeandikwa humo zote. Wengi hupenda kujua, ili wajipange."

Nyati alikuwa mkali. Ujanani aliwahi kumrusha chui juu ya mti. Lakini hakuna aliyewahi kumwambia ajipange, na neno lile lilimpendeza. Akafungua kinywa. Sungura akaingiza kichwa, akakaa humo muda wa heshima, akatoka masikio yote mawili yamelegea.

"Sema."

"Heri ninyamaze, mzee wangu."

"Sema, la sivyo nakukanyaga."

"Thelathini na mbili."

"Miaka?"

"Siku."

Asubuhi ile Nyati hakunywa. Alisimama kando ya kisima akijiuliza siku thelathini na mbili ni za kufanyia nini, swali ambalo hakuwahi kujiuliza alipokuwa na siku asizozijua. Kabla ya adhuhuri alizunguka bonde zima akiwaaga wenzake na kuomba msamaha. Hata digidigi aliombwa msamaha, ikabidi abuni kosa ili apate la kumsamehe. Kisha Nyati akaenda kulala chini.

Hakujigaragaza tena vumbini, na kupe wakaliona hilo mapema. Siku ya tatu goti lililokuwa likimuuma akitembea lilimuuma amelala, na goti la pili likajiunga nalo. Kila aliyepita alisema, "Kweli Sungura anajua kusoma."

Siku ya nne akaja Fisi.

"Ndugu yangu Sungura, nasikia unatangaza ratiba."

"Ratiba ya nini?"

"Ya chakula changu." Fisi akacheka, kisha akajizuia, maana siku zile alikuwa akijitahidi kuonekana mwenye majonzi. "Sitaki ugomvi. Niambie tu ni siku ipi nisiende mbali na nyumbani."

Sungura akamwangalia mbavu. "Nitakwambia. Lakini na wewe unisaidie. Nikishasoma, upite, unuse, utikise kichwa."

"Hilo tu? Kunusa ndiyo kazi niliyozaliwa nayo."

Mzee Ndovu alikuwa mgumu zaidi, kwa sababu hakuwa mwoga. Sungura alilijua hilo, akaamua kupita mlango wa huruma.

"Ni jino la mwisho, mzee," alisema akitoka kinywani mwake. "Limebaki unene wa jani. Siku ishirini."

Ndovu alifikiri mpaka kivuli chake kikahama. "Nilikuwa nalihisi," alisema. "Si haba. Nimeishi."

"Umeishi sana, tena vizuri. Ndiyo maana nimeona uchungu kukwambia. Ila wapo wanaosema, mimi simo, kwamba maji anayokunywa mwenye siku ishirini yangemfikisha ndama mwaka mzima."

"Wanasema hivyo?"

"Chini chini."

Wakati huohuo Fisi akapita, kama kwa bahati. Akanusa hewa, akatikisa kichwa. "Pole, baba. Pua yangu haijawahi kukosea."

Ndovu aliona ni haki. Akatangaza kwamba zamu yake anawaachia vijana, na kwa kuwa kijana aliyesimama karibu alikuwa Sungura, Sungura akaipokea kwa niaba ya wote. Tangu hapo Ndovu na Nyati walikunywa mwisho kabisa, baada ya panya, ikiwa kilibaki kitu.

Ndovu akalala chini ya mgunga, akawa anasimulia mvua za zamani. Visa vyenyewe vilikuwa vilevile ambavyo wote walikuwa wameshavisikia. Lakini zamani kila kisa chake kiliishia na neno kama, "Kwa hiyo kesho tujaribu upande wa kusini." Sasa vilifika mwisho vikakatika hapo, na msikilizaji akabaki hajui ainuke au angoje.

Akabaki Bibi Ngiri. Jamaa zake wanajulikana kwa tabia moja: wakitishwa hukimbia mbio kali, mkia juu, halafu katikati ya mbio husahau kinachowakimbiza, wakasimama na kuanza kula. Yeye alikuwa amewazidi wote. Sungura alimkuta nusu ya mwili iko ardhini, mchanga ukiruka nyuma.

"Bibi, fungua kinywa nikusomee."

"Kimejaa udongo. Soma hivyohivyo."

Sungura akachungulia kidogo. "Pole sana, bibi. Saba."

"Saba nini?"

"Siku. Zilizobaki."

"Hazitoshi," alisema Bibi Ngiri. "Shimo hili lina vyumba viwili. Lile la zamani liko bondeni, na masika yakija..."

"Masika hutayaona, bibi."

"Nani anataka kuyaona? Nataka yasinifikie. Sogea, nakutupia mchanga."

Kesho yake Sungura akarudi. "Zimebaki sita, bibi."

"Sita za nini?"

Ikabidi aeleze upya. Bibi Ngiri akashtuka kama anayesikia mara ya kwanza, akaketi, akasema, "Maskini mimi! Na hawa wajukuu!" Machozi yakamtoka kabisa. Halafu akaona mzizi umejitokeza ukutani, akaanza kuukata, na alipomaliza akageuka akamwona Sungura. "Aa, hujambo? Umekuja lini?"

Ilikuwa kazi ya kuchosha. Kila asubuhi Sungura alimpa habari za kifo chake, na kila mchana alimkuta anachimba. Na kunywa hakukosa, maana koo lake lilikuwa na kumbukumbu nzuri kuliko kichwa. Alfajiri alipiga foleni mahali pake pa siku zote, akampita Sungura bila hata kumwona.

Fisi, aliyekuwa na tarehe ya Bibi Ngiri na hakutaka kuwahiwa na tai, alikwenda kungojea mlangoni.

"Umechelewa," Bibi Ngiri alimwambia. "Kifusi hicho, sogeza upande ule."

"Mimi bibi nimekuja tu..."

"Upande ule, nimesema, kisirudi shimoni."

Fisi akakisogeza. Aliona kwamba atakayekuwa karibu zaidi atakula kwanza. Siku ya kwanza alisogeza kifusi, ya pili akabeba mawe, ya tatu akaitwa kibarua na wajukuu wakamzoea. Siku ya saba alikaa macho wazi tangu asubuhi. Siku ya saba ikapita. Bibi Ngiri hakuiona ilipopita, alikuwa ndani anasawazisha chumba cha pili.

Kisimani nako, Sungura alikuwa anaonja raha. Asubuhi ya kwanza alikunywa maji safi hadi masikio yakapoa. Ya pili hivyohivyo. Ya tano maji yalimfika kwenye vidole tu. Ya nane alipokwenda, hakukuta kisima. Kingo zilikuwa zimeporomoka, na mahali pale pakawa mchanga kama mchanga mwingine wote.

Wanyama wakakusanyika. Watoto wa swala walikuwa wakilamba mawe.

"Maji yako wapi?" Simba akanguruma.

Sungura akachimba. Kila alichokitoa kwa mkono kilirudi mara mbili. Simba akajaribu mwenyewe, kwa heshima zake zote, akapata mchanga wa kujaza manyoya ya shingo. Hapo ndipo swala mmoja, mama wa watoto wawili, akasema, "Ndovu ndiye hukifungua. Kila alfajiri huja kabla ya wengine, akavuta mchanga kwa mkonga, akagandamiza kingo kwa mguu. Nyati hukanyagakanyaga pembeni paimarike. Nimewaona tangu utoto wangu."

"Mbona hukusema?"

"Nilidhani wote tunajua."

Hakuna mwingine aliyejua, hasa Simba. Miaka mingi nyuma alipofika kisimani na kuwakuta wazee wako pale kabla ya wengine, alidhani wanadai heshima, akaifanya sheria. Ndovu mwenyewe hakuwahi kuiita kazi. Aliifanya huku akiwaza mambo mengine.

Simba akamgeukia Sungura. "Wewe ndiye uliyempa ruhusa ya kulala. Kamwinue. Jua likifika utosini sijaona maji, nitakunywa wewe."

Sungura akakimbia hadi kwenye mgunga. Ndovu alikuwa amelala ubavu, mkonga umetandazwa, macho yana ukungu. Tumbo lilikuwa limeingia ndani. Kwa mara ya kwanza Sungura alimtazama vizuri, akaogopa, na si kwa ajili yake mwenyewe peke yake.

"Mzee, nina habari njema. Nimehesabu upya. Nimeona nyingine kumi."

"Ahsante," alisema Ndovu. "Kumi ni chache kuanzishia kitu."

"Basi mia! Mia mbili."

"Leo mbona unanisomea nimefumba kinywa?"

Sungura akatazama jua. Akatazama kule mtoni, ambako wale watoto wa swala walikuwa wamelala sasa, hawalambi tena. Akaketi chini.

"Sikusoma kitu, mzee. Siku ile niliona giza tu. Nilitaka maji yako."

Alitegemea mawili: apigwe mkonga, au Ndovu ainuke kwa furaha. Halikutokea hata moja.

"Nakuamini," Ndovu alisema taratibu. "Lakini siku nane nimelala kama mwenye siku ishirini, na miguu imezoea. Siku hizi nikiamka naulizia zimebaki ngapi. Zamani nilikuwa naamka nikiwa na mahali pa kwenda. Sijui wapi, ila palikuwapo."

"Inuka basi, mzee. Mtoto wa swala atakufa."

Ndovu akajaribu. Miguu ya mbele ikakunjuka nusu, ikarudi. Vumbi likapanda, likashuka. Nyati, aliyelala hatua chache kutoka hapo, akageuza kichwa kutazama.

Ndipo Bibi Ngiri akatokea kichakani mbio, mkia juu kama fimbo, Fisi nyuma yake kabeba gogo. Akafika mbele ya Ndovu, akasimama ghafla.

"Ndovu! Nilikuwa nakuja kwako." Akatulia. "Kwa nini?"

"Mlango," alisema Fisi kwa uchovu.

"Ehe, mlango! Udongo wa mlangoni haushiki. Nataka mguu wako uugandamize. Kesho siwezi, bado ni mbichi. Uje kesho kutwa, kabla ya jua kali. Mtondo utanivutia jiwe moja lililokaa juu ya mizizi yangu. Mtondogoo sijui bado, nitakumbuka, lakini usimwahidi mtu."

"Bibi," alisema Ndovu, "mimi nimelala hapa nangoja kufa."

"Utangoja ukishamaliza. Mimi nina mlango wazi na masika yanakuja."

"Mvua haijanyesha miaka mitatu."

"Wewe nawe! Kwani nimesema imenyesha? Nimesema inakuja. Kesho kutwa, sawa? Tena usije na miguu imekufa ganzi ukanibomolea. Anza kuizungusha leo."

Kitu kikatikisika ndani ya tumbo la Ndovu, kikapanda kifuani, kikatokea mkongani na vumbi jingi. Alikuwa anacheka. Nyati, ambaye hakuwa amemsikia Ndovu akicheka tangu kiangazi kilipoanza, alisimama ili aone vizuri, na alipokwisha kusimama ndipo goti lilipomkumbusha kwamba alikuwa anakufa.

"Kesho kutwa," Ndovu akarudia, kama anayeonja tunda. Akakunja miguu ya mbele.

Mara ya kwanza alianguka. Mara ya pili Nyati akaweka paji lake la uso chini ya bega, akasukuma huku akitukana. Bibi Ngiri akaingiza pua chini ya ubavu. "Kibarua!" aliita. "Umesimama kutazama nini? Sukuma!" Na Fisi, ambaye siku nane alikuwa ameota ubavu uleule, akaweka gogo chini, akatia bega, akasukuma chakula chake mpaka kikasimama wima.

Mtoni, Ndovu hakugusa mahali pa zamani. Alitembea polepole mchangani, akiukanyaga na kuusikiliza kwa nyayo, akasimama karibu na jiwe lenye mstari mweusi. Akaanza. Alivuta mchanga, akapumzika, akavuta. Nyati alizunguka pembeni akikanyaga, akilaani kila hatua. Palipokuwa pembamba kwa mkonga aliingia Sungura, akatoa mchanga mwembamba kwa mikono miwili, kichwa chini, hathubutu kutazama juu. Jua lilifika utosini, likapita kidogo. Simba alikuwa anaangalia mlima kwa makini, kama mtu asiyejua ni saa ngapi.

Mchanga ukageuka rangi. Halafu ukang'aa.

"Wenye watoto kwanza," alisema Ndovu, na mara hii hakuna aliyemuuliza Simba.

Swala na watoto wake walipokwisha kunywa, Simba akamwekea Sungura ukucha mmoja mgongoni. "Sasa msomaji wetu atusomee na yake. Zimebaki ngapi?"

Sungura akatafuta jibu la werevu, na werevu ulikuwapo mwingi, lakini koo lilikuwa kavu na mikono inamuuma.

"Sijui, Bwana," alisema.

"Mwache," alisema Ndovu. "Mikono yake inafika nisipofika mimi. Na zamu ya kwanza aliitaka mwenyewe. Awe nayo. Aje alfajiri kabla yetu."

Hukumu ikawa hiyo. Sungura alipata alichokitamani: akawa wa kwanza kufika kisimani kila siku, giza likiwa bado halijaondoka, na wa kwanza kulowa. Hakuna aliyemwomba tena amchungulie kinywa. Fisi alibaki kwa Bibi Ngiri mpaka chumba cha tatu, kwa sababu kila alipotaka kuondoka aliambiwa zimebaki siku mbili tu.

Wazee hawakurudi ujana. Goti la Nyati liliendelea kuuma, ila sasa lilimuuma akiwa njiani kwenda mahali, na maumivu ya njiani hayapewi nafasi kubwa ya kujieleza. Kupe walihama. Ndovu alibaki mwembamba, na jino lake la mwisho kweli lilikuwa limechakaa, kwa maana hata mwongo huweza kusema jambo la kweli bila kukusudia. Lakini mlango wa Bibi Ngiri aliugandamiza siku ile waliyopatana, na visa vyake vikapata tena ile mikia yao ya kesho. Kilichokuwa kimemlaza si uchache wa siku zake, ambao hakuna aliyeujua. Kilichomlaza ni kukosa la kufanya ndani ya siku hizo.

Asubuhi moja, mbingu ikiwa kavu kama jana yake, Sungura na Ndovu walikuwa wakipanua kisima. Sungura alichimba kwa pupa hadi akaishiwa pumzi.

"Taratibu, mwanangu," Ndovu alimwambia. "Upande huu tutaumalizia kesho."

Sungura akajifuta mchanga usoni. "Una hakika, mzee, kwamba kesho utakuwapo?"

"Hata kidogo," alisema Ndovu, akaendelea kuchimba.